Pumu Kali: Pampu ya Buluu Peke Yake Haitoshi



Wenzetu wengi wa Mocímboa da Praia na Palma wana pumu na wanaificha. Mpasua mbao, mbeba saruji, mchomelea vyuma, mama anayebanika samaki kwenye moshi, wote wanaogopa kusema "kifua kinanibana" wasije wakaachishwa kazi.

Ndani ya mapafu hewa hupita katika vijibomba vidogo vidogo. Pumu ikishika, mambo matatu hutokea pamoja: misuli inayozunguka vijibomba hujikaza, kuta zake huvimba, na ute mzito huziba nafasi iliyobaki. Hewa iliyoingia hutoka kwa shida, ndiyo maana kifua hupiga filimbi. Si uchawi, wala haiambukizi.

Pampu ya buluu, yaani salbutamoli, hulegeza misuli kwa dakika chache tu, na nguvu yake huisha baada ya saa nne hadi sita. Uvimbe haiugusi. Mtu anavuta, anapata nafuu, anarudi kwenye vumbi lile lile, na huku ndani uvimbe unazidi. Dawa ya uvimbe ni nyingine: beklometasoni au budesonidi, ya kuvuta kila siku hata ukijiona mzima. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Mwaka huo huo, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, pumu iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi maskini kama zetu. Salbutamoli na budesonidi zimo katika orodha ya Shirika hilo ya dawa za lazima, basi kuziomba si anasa.

Pumu kali hasa ni ile isiyotulia hata kwa dozi kubwa zinazotumiwa sawasawa. Kwa hiyo Ulaya wana sindano, kama omalizumabu, lakini bei yake si ya mshahara wetu. Hata hivyo wengi wanaodhaniwa wana pumu kali, dawa yao inabaki mdomoni tu, haifiki kifuani. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwa watoto kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni ili pampu ikae bila kuvuja, inafaa sawa na kifaa cha dukani. Bonyeza mara moja, vuta pumzi polepole kupitia mdomo wa chupa, kisha rudia.

Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi, au midomo inageuka rangi, apelekwe hospitali mara moja apate oksijeni na prednisoloni. Njiani aendelee kuvuta pampu ya buluu. Vita vilivyoanza Oktoba 2017 viliharibu vituo vingi vya afya pwani yetu, na safari ni ndefu, kwa hiyo msingoje usiku uingie.

Kwa mwajiri tunadai vumbi lipunguzwe, barakoa zitolewe, na mgonjwa ahamishiwe kazi nyingine bila kukatwa mshahara. Ukiitwa ofisini kwa ajili ya kifua chako, usiende peke yako, mwite mjumbe wa chama.