Soka la Marekani lahamia vituo vya treni

Katikati ya jiji la Atlanta, jimbo la Georgia, kuna kituo cha treni kiitwacho Five Points. Hapo ndipo njia za treni za jiji lile zinapokutana, ile ya kaskazini na kusini na ile ya mashariki na magharibi. Pembeni ya kituo palikuwa na ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, umeachwa tu, hauna kazi. Mwaka 2016 shirika moja la pale pale, Soccer in the Streets, likatandika nyasi za bandia, likaweka magoli mawili madogo na uzio wa kuzuia mpira usikimbilie barabarani. Mtoto anashuka kwenye treni, anacheza, anarudi kwao kwa treni ile ile.

Kwa sisi tuliozoea kuwaona vijana wa Maskati wakipiga mpira mchangani kila jioni pale pwani ya Qurum, habari hii inaweza kuonekana ndogo. Mpira si ni mpira tu? Lakini ukikaa barazani na jamaa waliotoka Marekani, utawasikia wanazungumzia mpira wa watoto wao kama watu wanaozungumzia ada ya chuo kikuu. Klabu ya vijana inaweza kutoza dola elfu moja kwa mwaka, elfu mbili, au zaidi. Hapo hujanunua viatu, hujalipia safari za mashindano wala hoteli, na lazima uwe na gari na mtu wa kuliendesha. Wazee wetu husikia wakacheka: kulipia mpira!

Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nimeshakwenda kukaa miezi mitatu kwa binti yangu, Atlanta. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na kitu katika sekondari ya misheni, na ugonjwa wa mwalimu wa jiografia ni huo: akifika mji mgeni, kabla ya kuuliza maduka yako wapi, anataka kujua watu wanakaa wapi na wanakwendaje kazini.

Basi lazima kwanza nieleze kitu kimoja. Mmarekani anaposema mitaa ya ndani ya jiji, hana maana ya mahoteli na maofisi. Mtu wa Unguja afikirie Ng'ambo ya zamani. Baada ya vita vya pili vya dunia, Wazungu wenye uwezo walihama mijini wakaenda kujenga pembeni, kwenye nyumba zenye bustani. Mitaa ya ndani ikabaki kwa watu weusi, kwa watu wa Amerika ya Kusini na Mexico, na baadaye kwa wakimbizi. Atlanta yenyewe ni mfano. Mwaka 1971 wananchi walipiga kura kuamua kama wanataka mabasi na treni za jiji. Kaunti za Fulton na DeKalb zilikubali, Gwinnett na Clayton zikakataa. Ubaguzi ulichangia sana katika kukataa kule, na Wamarekani wenyewe wanalisema hilo wazi: walikuwepo wasiotaka watu weusi wa mjini wapate njia rahisi ya kufika kwao. Tangu hapo, asiye na gari Atlanta ni mtu aliyefungwa kamba mguuni.

Na mpira nao ulihama na wale waliohama. Hapo ndipo penye ajabu, maana zamani haukuwa hivyo. Soka Marekani lilianza kuwa mchezo wa vibarua na wahamiaji. Kearny, mji wa viwanda jirani na Newark, ulijaa Waskochi, na hata baadaye ukatoa wachezaji wa timu ya taifa kama Tab Ramos, John Harkes na kipa Tony Meola. Ile timu iliyoifunga Uingereza 1-0 katika Kombe la Dunia la 1950 kule Brazil ilikuwa na wachezaji watano kutoka mitaa ya St. Louis, na bao lenyewe lilifungwa na Joe Gaetjens, kijana wa Haiti aliyekuwa akisoma New York. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi ndani ya Washington, kilichukua ubingwa wa vyuo vya taifa zima bila kufungwa hata mechi moja. Kocha wao, Lincoln Phillips, alitoka Trinidad, na wachezaji wengi walitoka visiwa vya Karibi na Afrika.

Mwaka uliofuata Pelé akaja kuchezea Cosmos ya New York, na soka likapendwa ghafla. Lakini waliolipokea zaidi ni wale wa nyumba zenye bustani. Wao walikuwa na viwanja vya nyasi, magari, na mama wa kumpeleka mtoto mazoezini saa kumi jioni. Ilipofika uchaguzi wa rais wa 1996, wachambuzi walikuwa wanamtaja "mama wa soka" kama aina nzima ya mpiga kura. Mtoto wa mtaani akabaki na mpira wa kikapu, kwa sababu goli la kikapu lilikuwa pale pale nje ya nyumba yao.

Kombe la Dunia la 1994 liliingiza watazamaji zaidi ya milioni 3.5 viwanjani kwa mechi 52 tu. Fedha iliyobaki ilianzisha mfuko unaoitwa U.S. Soccer Foundation. Mfuko huo ndio ulioshika wazo la viwanja vidogo: unachukua uwanja wa tenisi ulioachwa, unaufanyia sakafu ngumu, unatia magoli na taa, kazi imekwisha. Huhitaji eka za nyasi wala mtu wa kumwagilia maji. Walijiwekea lengo la viwanja 1,000 ifikapo 2026.

Hata Ghuba ina mkono wake hapa, na sijui kwa nini hatulisemi. Mwaka 2010 ubalozi wa Falme za Kiarabu ulioko Washington, pamoja na klabu ya Manchester City, walijenga kiwanja juu ya paa la skuli East Harlem, New York. Juu ya paa, kwa sababu chini hapakuwa na nafasi. Vikafuata vingine Los Angeles, Chicago na Miami. Kisha klabu ya New York City FC, ambayo nayo mwenye hisa nyingi ni kampuni ya Abu Dhabi, iliungana mwaka 2016 na serikali ya jiji, Adidas na ule mfuko, wakaahidi viwanja vidogo 50 katika sehemu zote tano za New York. Atakayesema ni matangazo ya biashara, aseme. Mimi naangalia mtoto anacheza wapi.

Turudi Atlanta. Soccer in the Streets wamekuwepo tangu 1989, na walichokigundua ni kitu ambacho mwalimu yeyote wa shule ya kutwa anakijua: usafiri humshinda mtoto kabla ya kitu kingine chochote. Unaweza kumpa mafunzo ya bure na jezi ya bure, lakini kama mama yake anarudi kazini saa mbili usiku na gari hawana, hatakuja. Ndipo wakapata wazo la kuuleta mpira palipo na treni. Baada ya Five Points, mwaka 2018 walifungua viwanja kituo cha West End, mtaa wa watu weusi wa miaka mingi, na vituo vingine vikafuata. Nia yao ni kila kituo kiwe na timu yake ya watoto, wawe wanatembeleana kwa treni kwenda kucheza. Jina lake ni League of Stations, ligi ya vituo.

Na gharama? Watu wazima wanalipa kucheza ligi zao pale pale, watoto wa mtaa wanacheza bure. Fedha ya karani wa benki anayekuja kupunguza kitambi inasaidia kumlipa kocha wa mtoto wa West End. Hesabu hiyo niliipenda sana.

Mjukuu wangu anacheza West End. Nilimsindikiza mara kadhaa, nikakaa nje ya uzio na akina bibi wa Kimarekani waliokuja na viti vyao vya kukunja. Mmoja aliniambia kuwa watoto wake mwenyewe hawakuwahi kuugusa mpira huu. Waliuona ni mchezo wa Wazungu. Sasa mjukuu wake wa kike ndiye kipa. Skulini kwetu mkuu wa shule, padri mmoja wa Kiairishi, aliamini kuwa mpira wa jioni unaondoa utoro wa asubuhi, na daftari la mahudhurio lilimuunga mkono. Nilimsimulia yule bibi habari hiyo, akasema huyo padri alikuwa na akili.

Jezi iliyovaliwa na wengi pale ilikuwa ya Atlanta United. Timu hiyo ilianza kucheza ligi kuu mwaka 2017, na tarehe 8 Desemba 2018 ikachukua ubingwa kwa kuifunga Portland 2-0 mbele ya watu 73,019. Uwanja wake mkubwa uko ndani ya jiji na treni inafika mlangoni. Ndio huo uliopewa mechi 8 za Kombe la Dunia la 2026, mojawapo nusu fainali.

Wasomaji wenye jamaa zao Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, wataniambia kuwa wao walianza mapema zaidi. Ni kweli. Mwanamke wa Kijordani, Luma Mufleh, mzaliwa wa Amman, alianzisha pale timu ya watoto wakimbizi mwaka 2004 na kuiita Fugees. Walikuwemo watoto wa Afghanistan, Iraq, Somalia, Liberia, na wale wa Kongo na Burundi ambao Kiswahili wanakijua. Mwaka 2006 meya wa mji akasema bustani ya mji ni ya besiboli, soka halina nafasi humo. Watoto waliokimbia vita wakanyimwa nyasi! Habari ikafika magazeti makubwa ya New York, na leo jina la Clarkston watu wanalijua kwa sababu ya mpira ule ule.

Kule Lewiston, jimbo la Maine, ambako baridi yake sitaki hata kuielezea, Wasomali walianza kuhamia mwaka 2001 katika majumba ya ghorofa yaliyoachwa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Mwaka uliofuata meya akawaandikia barua ya hadharani kuwataka wapunguze kuja. Novemba 2015 timu ya sekondari ya mji huo, iliyojaa watoto wa Kisomali waliopitia kambi za Kenya, iliifunga Scarborough, mji wa wenye nacho, 1-0, ikawa bingwa wa jimbo. Kabla ya mechi walikuwa wakiitikia kwa Kiswahili: pamoja ndugu! Kocha wao, Mike McGraw, ni Mmarekani mweupe wa huko huko.

Kwa binti zetu pia mlango umefunguka kidogo. Tangu 2014 sheria za FIFA zinaruhusu mchezaji kufunika kichwa, na pale West End niliona wasichana wawili wenye hijabu wakicheza na hakuna aliyewageukia. Baba zao walikuwa kwenye uzio kama mimi, wanapiga kelele kuliko wote.

Hata hivyo nina wasiwasi wangu. Viwanja hivi vinafaa sana kwa mtoto wa miaka saba, tisa, kumi na moja. Akifika kumi na mbili na ana kipaji, anahitaji uwanja mkubwa, wachezaji kumi na mmoja, na kocha wa kila siku. Hapo njia inagawanyika. Vyuo vya vijana vya klabu kubwa za ligi kuu kwa kawaida havitozi kitu, lakini nafasi ni chache mno. Wote waliobaki wanarudi kwenye klabu za kulipia, na kule ndiko wanakokwenda wasaka vipaji wa vyuo vikuu. Kwa hiyo mpira umeshuka mtaani, lakini ngazi ya pili bado iko kwenye nyumba zenye bustani. Clint Dempsey, mmoja wa wafungaji wakubwa wa taifa lile, alikulia katika nyumba ya trela huko Texas, na wazazi wake walikuwa wakiendesha gari saa tatu kwenda Dallas ili acheze. Waliwezaje? Kwa kujinyima. Ni wangapi hawakuweza, hatutawajua majina.

Jengine ni kodi za nyumba. West End imeanza kupendwa, njia mpya ya kutembea kwa miguu imepita jirani, na bei zinapanda kila mwaka. Binti yangu ananiambia familia mbili za timu ya mjukuu wangu zimeshahama kwa ajili ya kodi. Kiwanja kipo pale pale karibu na kituo, treni inapita kama kawaida, na watoto wawili hawapo.

Mjukuu wangu anatimiza miaka kumi na mbili mwezi wa Septemba. Anachezea winga ya kushoto, ana mbio, na klabu moja ya pembeni ya mji imeshampigia baba yake simu. Ada ni dola 2,400, na mazoezi ni mara tatu kwa wiki, mahali ambapo treni haifiki.