Uhuru wa Mtu na Haki ya Ugawaji: Mfano wa Mchanga wa Ukambani

Uchumi wa ustawi wa jamii una swali kongwe: je, uhuru wa mtu kuuza apendacho waweza kupatana na haki katika kugawana neema na taabu? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa mfano wa mito ya msimu ya Kitui na Makueni.

Mito hiyo hukauka juu, lakini chini ya mchanga maji hubaki muda mrefu baada ya mvua. Wakazi hufukua visima mtoni, na mahali pengi wamejenga mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazozuia mchanga pamoja na maji yaliyomo. Mchanga huo huo hutakiwa na wajenzi wa Nairobi. Kijana huuchimba, mwenye lori huununua, na wote wawili huridhika.

Kwa kipimo cha Vilfredo Pareto, badiliko ni jema iwapo yuko anayefaidika na hakuna anayedhurika. Biashara hii yaonekana kutimiza sharti hilo, mpaka akumbukwe mtu wa tatu: mwanamke achotaye maji, ambaye hakuwamo katika mapatano. Robert Nozick, katika kitabu chake cha mwaka 1974, alishikilia kuwa mali iliyopatikana kwa halali na kuhamishwa kwa hiari humilikiwa kwa haki. Lakini ni nani aliyemmilikisha mchimbaji mchanga wa mto wa wote?

Basi, na ikatazwe? Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kusimamia matumizi yake. Mwaka 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku usafirishaji wa mchanga na makaa kutoka Kitui. Katazo hulinda maji, ila humnyima mchimbaji maskini riziki yake. John Rawls, mwaka 1971, alieleza kuwa tofauti za kipato hukubalika tu zikimfaa aliye chini kabisa. Hapa walio chini ni wawili, mchota maji na mchimbaji. Kumwinua mmoja kwa kumdidimiza mwenziwe hakutoshelezi kanuni hiyo.

Historia ya Ukambani yatoa onyo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilitwaa kwa nguvu ng'ombe wa Wakamba wilayani Machakos, ambamo Makueni ilikuwa sehemu yake, kwa hoja ya kuokoa udongo. Muindi Mbingu aliongoza umati kwenda Nairobi kupinga. Alihamishiwa Lamu, lakini mpango huo uliachwa. Udongo ulihitaji kuokolewa kweli; kosa lilikuwa kuwatwika mzigo wasioulizwa.

Mwethya, yaani kikundi cha majirani wafanyao kazi pamoja, hufuata njia nyingine: bwawa hujengwa kwa jasho la wote, na maji huwa ya wote. Kwa mantiki hiyo, sheria ya mchanga itakuwa ya haki iwapo mchimbaji atashirikishwa katika kuitunga, na ushuru wa mchanga unaoruhusiwa kuuzwa ukalipia mabwawa pamoja na kazi badala kwa wale waliozuiwa.