Mgongo wazi sio uchawi: jeni ya PAX3, ndizi zetu na siku 28 za mwanzo



Huku kwetu, kuanzia Bukoba mjini mpaka vijiji vya Muleba, mtoto akizaliwa na uvimbe mgongoni au kichwa kinachokua kupita kiasi, swali la kwanza ni "nani kawafanyia?" Mara wifi, mara mke mwenza, na mama wa watu anaishia kurudishwa kwao na mtoto wake mgongoni. Leo tuongee nini hasa kinatokea tumboni.

Ubongo na uti wa mgongo vinaanza kama utando bapa wa seli, mdogo kuliko punje ya mchele. Kingo zake zinanyanyuka, zinajikunja, zinakutana na kujifunga kama zipu ya begi mpaka linakuwa bomba. Kazi yote inaisha kwenye siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe. Siku hizo mama wengi ndio kwanza wanajiuliza mbona sijaona mwezi huu! Zipu isipofunga chini, ndio mgongo wazi. Isipofunga juu, ubongo haukamiliki na mtoto haishi. Kichwa kikubwa mara nyingi kinafuatana na mgongo wazi kwa sababu maji ya ubongo yanakosa njia, japo kuna kinacholetwa na maambukizi baada ya kuzaliwa.

Sasa nani anaendesha hiyo zipu? Jeni. Mojawapo inaitwa PAX3. Hii ni kama nyapara, haibebi tofali ila inaamuru jeni nyingine ziwake au zizime. Kwa panya wa maabara, nakala zake zote mbili zikiharibika bomba halifungi. Mwaka 1998 watafiti wa London wakaonyesha kwamba hao hao panya wakipewa foliki asidi, baadhi yao bomba linafunga. Yaani jeni mbovu ipo pale pale, lakini lishe imesaidia. (Kwa binadamu, nakala moja ya PAX3 ikiharibika inaweza kuleta shungi jeupe mbele ya kichwa, macho ya bluu na wakati mwingine uziwi. Na hao nao wanasingiziwa mizimu.)

Lakini tusihame kutoka uchawi tukaanza kusema "ukoo ule una jeni mbovu". Kwa panya zimeshajulikana jeni zaidi ya 200 zinazoweza kuvuruga zipu hii, na kwa binadamu mara nyingi hakuna moja ya kunyooshewa kidole. Ni jeni kadhaa pamoja na lishe, kisukari, hata dawa. Valproate ya kifafa inaongeza hatari, ila usiiache kienyeji, muone daktari kwanza.

Foliki asidi ni vitamini ya kundi B ambayo seli zinaihitaji zikigawanyika kwa kasi. Utafiti wa nchi 7 uliotoka 1991 ulikuta akina mama waliokwisha kuzaa mtoto wa hivi, wakitumia miligramu 4 kwa siku kabla ya kushika mimba, hatari ya kurudia ilipungua kwa asilimia 72. Dozi hiyo ni ya hao, kwa ushauri wa daktari. Wengine wanashauriwa mikrogramu 400.

Tatizo letu liko hapa. Kanuni za 2011 ziliagiza viwanda viongeze foliki asidi kwenye unga wa ngano na mahindi. Safi. Ila Mhaya anakula ebitoke na maharage! Ugali wenyewe mahindi yamesagwa mashine ya mtaani, hakuna kilichoongezwa. Maharage na mboga za majani zina foleti yake ya asili, ila ukichemsha sana na kumwaga maji umemwaga nayo. Na vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vina foliki asidi, lakini wengi wanaanza kliniki mwezi wa nne. Zipu ilishafunga, au ilishashindwa, miezi mitatu nyuma.

Kwa hiyo dada unayepanga kuzaa, ulizia vidonge kabla, sio baada. Na kama mtoto keshazaliwa hivyo, usipoteze wiki kwa waganga. Funika kidonda kwa kitambaa safi chenye unyevu, nenda hospitali ya mkoa upate rufaa. Bugando Mwanza wanafanya upasuaji, na MOI pale Muhimbili pia. Kidonda kikiwa wazi, kila siku inayopita inaongeza nafasi ya wadudu kuingia kwenye uti wa mgongo.

Nawasilisha.