"Picha Kali!" Haimfunzi Mtu Kitu

Tulikuwa watu sita mezani, katika mkahawa mmoja wa Westlands, Jumamosi saa nne asubuhi, viatu vimejaa tope la Arboretum. Ndio mazoea yetu: alfajiri tunapiga picha za ndege na kima, kisha tunakaa kwa chai na kila mmoja anapitisha simu au kamera yake wenzake waone. Kijana mmoja, mkaazi wa Kawangware, akatuonyesha makinda mawili ndani ya kiota, midomo wazi, mwanga umewaangukia kama taa ya harusini. Tukasema kwa sauti moja, "Kali sana!" Mimi nilikuwa wa kwanza.

Wiki ya pili mwenzetu mwingine akaenda kutafuta picha kama ile. Alikuta kiota kitupu. Kijana alipoulizwa hakuficha neno: alikuwa amekata vijitawi vitatu ili mwanga upite. Sina ushahidi kwamba hivyo ndivyo vilivyowamaliza makinda, maana mwewe Nairobi wamejaa. Lakini majani yale yalikuwa pazia lao dhidi ya mwewe na dhidi ya jua, na katika sisi sita hapana hata mmoja aliyemuuliza, "Uliwapataje?"

Sisi watu wa Pwani tumelelewa kusifu kwanza. Mtu akikuonyesha chake unasema mashaallah, na mambo yamekwisha. Ni adabu nzuri, siisemi vibaya. Ila anayeonyesha picha kwa wapiga picha wenzake anataka jicho la pili, na nyani haoni kundule. Sifa tupu humrudisha nyumbani vile vile alivyokuja.

Basi mtu aseme nini? Mimi huanza kwa kueleza jicho langu lilikwenda wapi. Kwa mfano picha ya kima wa City Park, pale Parklands: "Jicho langu limekwenda kwanza kwenye chupa ya plastiki iliyo nyuma yake, halafu ndipo nikamwona kima." Sijasema picha ni mbaya. Nimemweleza jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi kuliona, kwa sababu alipokuwa akibonyeza alikuwa akimtazama kima peke yake. Atajua la kufanya: asogee hatua mbili kushoto, au apige magoti ili nyuma ya mnyama pawe majani matupu. Kupiga magoti, kwa kweli, kunatibu nusu ya picha za wanyama ninazoonyeshwa. Mnyama aliyepigwa kutoka juu huonekana kama kitu kilichoanguka.

Halafu sema jambo moja linaloweza kurekebishwa, na useme sababu yake. Nichukue mbega wa msitu wa Karura, maana hao wametutoa jasho sote. Mbega ana manyoya meusi tititi na mengine meupe pepepe. Kamera hujaribu kupata wastani, na aghalabu hukosa yote mawili: weupe unaungua ukawa kama karatasi, au weusi unakuwa shimo lisilo na macho. Ukimwambia mwenzako "mwanga mbaya" hujamsaidia. Mwambie, "Mkia umeungua, sioni unyoya hata mmoja. Mara nyingine gusa sehemu nyeupe kwenye kioo cha simu, uvute alama ya jua chini kidogo kabla ya kupiga." Na umkumbushe kwamba ile baridi ya Julai na Agosti, ambapo jiji hufunikwa na mawingu kutwa na sisi wa Mombasa tunanung'unika, ndiyo neema ya mpiga picha wa mbega. Wingu huupoza mwanga. Kwetu hapa karibu na ikweta jua la saa sita linapiga utosini na kuyatia macho ya mnyama kivulini, na jicho lisiloonekana linaifanya picha nzima ife.

Lakini swali ambalo tulilisahau siku ile ya makinda ndilo zito kuliko mwanga na magoti. Picha ilipatikana vipi? Hata mabingwa hukosea hapa. Mwaka 2009 tuzo kuu ya Wildlife Photographer of the Year, inayoendeshwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, ilimwendea José Luis Rodríguez wa Uhispania kwa picha ya mbwamwitu akiruka lango usiku. Mwaka 2010 alivuliwa, baada ya waamuzi kuona kuwa huenda mnyama yule ni wa kufugwa, mwenyewe alikana. Kisha mwaka 2018 picha ya Marcio Cabral wa Brazil, iliyoshinda mwaka uliotangulia, ikaondolewa pia. Wataalamu waliifananisha na mlamchwa aliyekaushwa wa maonyesho, wakaona ni yule yule. Naye alikana. Hao ni waamuzi wa dunia, na shaka iliwafikia baada ya tuzo kutolewa. Sisi wa meza ya chai tunaweza kuuliza mapema, kwa upole, picha ikiwa bado ya watu sita tu.

Kwetu udanganyifu wenyewe ni mdogo mdogo. Mtu anamrushia kima njugu ili amkaribie, na kima anajifunza kunyang'anya watoto mifuko. Mwingine anacheza sauti ya ndege kwenye simu mpaka ndege aache kulisha watoto, akidhani mpinzani amevamia mtaa wake. Nasikia tabia hii ikitajwa hata kwetu Arabuko-Sokoke, kwenye yule bundi mdogo apatikanaye sehemu chache mno duniani. Na kuna vifaru wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, hifadhi ya tangu 1946 iliyo pembeni mwa jiji. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa hiyo neno la kirafiki kuliko yote laweza kuwa hili: "Futa mahali kabla hujaituma."

Adabu nayo ina nafasi yake. Linalomwaibisha mtu mwambie faraghani, si mbele ya meza. Mkubwa wako muulize kwanza, "Mzee, waniruhusu niseme nilichokiona?" Na usimwambie mwenye simu akanunue lenzi. Sijui ni ugonjwa gani huu wa wenye kamera kubwa! Mwenye simu mpeleke kwa korongo wa upara, wale marabu wanaosimama juu ya migunga karibu na uwanja wa Nyayo. Hawajali watu, wala hawahitaji lenzi ndefu. Jina likikosewa, lisahihishe bila kelele. Hapa Nairobi wengi humwita kima wa Karura tumbili, na mtu yeyote aliyelinda shamba la mahindi Kilifi anawajua wote wawili kwa wizi wao.

Yule kijana nilimfuata baadaye, peke yetu, kwenye kituo cha matatu cha Kangemi. Nilimwomba radhi kwa kuisifu picha ile, nikamweleza kazi ya majani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mzee, mbona siku ile hukusema?" Sikuwa na jibu.

Juzi amenitumia picha ya chozi akinywa kwenye ua jekundu, jicho limetulia vizuri, ila jani moja limekatiza bawa. Chini yake ameandika, "Mzee, hili jani linakusumbua?" Nikamjibu kwamba linanisumbua sana, na kwamba amefanya vyema kuliacha.