Diski Kubwa za Mteremko wa Soni

Mguu uliniambia kabla ya akili. Tulikuwa tumeshaipita Soni tukiteremkia Mombo, nyuma kuna magunia mawili ya karoti, dada yangu na wanawe wawili. Kwenye kona nikakanyaga breki, pedeli ikazama kama nimekanyaga sponji. Nikapiga mara mbili za haraka, ikapanda kidogo, ikashika. Ndani kulikuwa kumeshaingia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Nikaegesha pembeni. Mpwa wangu mdogo akashuka mbio akitaka kushika rimu. Nilimwahi mkono hewani.

Nafundisha fizikia sekondari hapa Lushoto, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu peke yangu. Habari za joto ndizo ninazoandika ubaoni kila muhula.

Jioni ile nilichukua kalamu nikapiga hesabu ambayo ningempa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kutoka Lushoto hadi Mombo barabara inashuka kama mita 1,000. Subaru Forester yangu, ikiwa na watu na karoti, ina uzito wa kilo 1,700 hivi. Zidisha kilo kwa mita kwa 9.8, unapata zaidi ya jouli milioni 16. Joto hilo linatosha kuchemsha lita 50 za maji ya bomba, yaani ndoo mbili na nusu. Upepo na tairi vinachukua sehemu yake, injini nayo inachukua ukiipa nafasi. Kinachobaki chote kinaishia kwenye breki, na zaidi zile za mbele, maana gari likifunga breki uzito huinamia mbele. Jouli zote hizo milioni 16 ni sawa na kusimama ghafla kutoka kilomita 100 kwa saa mara 25 mfululizo. Na hiyo 25 haibadiliki, uwe na karoti au gari tupu. Wanafunzi wangu wanaopenda kubisha nimewaachia wathibitishe wenyewe.

Diski ya breki, basi, ni sufuria ya joto. Pedi zinaibana, mwendo unageuka joto, chuma kinalibeba hadi upepo uliondoe. Sufuria ikiwa ndogo inajaa upesi. Ikijaa, moja kati ya mambo mawili hutokea. Pedi zenyewe zinaweza kuungua na kuteleza: hapo pedeli ni ngumu kama jiwe lakini gari haliitiki. Au joto linapenya hadi kwenye mafuta ya breki yakachemka, na mvuke, tofauti na mafuta, unabanwa ukabanika, pedeli inazama. La kwangu lilikuwa hili la pili.

Fundi wangu wa Korogwe alifungua kopo la mafuta akalichungulia. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. "Mwalimu, haya yamekunywa maji," akasema. Ni kweli kabisa: mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewa kidogo kidogo. DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishavuta unyevu, kiwango hicho hushuka hadi 155. DOT 3 huanzia 205 na kuishia 140. Yangu sikumbuki yalibadilishwa lini, na inashauriwa kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi.

Tukayabadilisha. Ningeweza kuishia hapo, na mtu mwenye fedha kidogo namshauri aishie hapo hapo, aongeze na ile kanuni ya madereva wa malori: mlima uliopandia kwa gia fulani, teremkia kwa gia hiyo hiyo. Mimi nilitaka na sufuria kubwa.

Uzuri wa Subaru ni kwamba ndugu wanavaliana nguo. Forester yangu ya kizazi cha pili, isiyo na tabo, ilikuja na diski za mbele za milimita 277. Ndugu yake yenye tabo ilitoka kiwandani na za 294. Habu na bolti za kushikia kalipa zinalingana, kwa hiyo unavaa kilichobuniwa na kiwanda kile kile, bila kuchonga wala kuchomelea kitu. Ndiyo sababu siwaamini sana wauzaji wa seti za rangi nyekundu zinazong'aa: pistoni za kalipa zikizidi sana, pedeli hurefuka, na uwiano wa mbele na nyuma huharibika.

Faida yake ni ipi? Watu hudhani gari litasimama kwa umbali mfupi zaidi. Kama breki za zamani zinaweza kuzuia tairi hadi ABS itetemeshe pedeli, anayeamua umbali ni tairi. Diski kubwa haimwongezei kitu. Kwa mguu ule ule unapata nguvu ya kushika asilimia 6 au 7 zaidi, kwa kuwa pedi inabana mbali kidogo na kitovu. Faida yenyewe ni chuma: duara la 294 lina eneo kubwa kuliko la 277 kwa asilimia 12 na ushee. Sufuria imeongezeka ukubwa.

Gerezani, pale Kariakoo, nilikwenda na vernia yangu ya maabara. Muuzaji alinitolea diski mbili zinazong'aa kama sahani za harusi. Diski hii ikiwa mpya ina unene wa milimita 24, na kikomo chake ni 22. Nikapima: 22.3. "Mama, hizo bado kabisa," akasema. Nikamrudishia. Kalipa na breketi zake nilichukua za mtumba, lakini diski na pedi nikanunua mpya.

Kazi yenyewe ilichukua mchana mmoja. Diski za zamani zilikuwa zimeng'ang'ania habu kwa kutu, na kijana wa gereji alishainua nyundo. Fundi akamzuia. Kwenye uso wa diski za Subaru kuna matundu mawili yenye hesi. Unaingiza bolti ya milimita nane katika kila moja, unakaza kidogo huku, kidogo kule, na diski inajisukuma yenyewe. Ikatoa mlio mmoja mkavu, ikatoka. Habu ikasuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana, maana chembe ya kutu ikibaki pale, usukani utatetemeka kila ukifunga breki.

Kosa likaja baadaye. Tulitoa upepo mara tatu, pedeli ikabaki laini. Fundi akaanza kulaumu silinda kuu. Mimi nikachutama, nikaona nati ya kutolea upepo imekaa chini ya kalipa. Kumbe ya kulia ilifungwa kushoto, na ya kushoto kulia. Zinaingia vizuri kabisa, ila upepo hupanda juu, na pale juu hakuna mlango. Tukazibadilisha pande, tukatoa upepo tena, na dakika kumi baadaye pedeli ikawa imara.

Gharama ambayo hukuambiwa ni rimu. Za inchi 15 hazivuki kalipa hizi. Zinatakiwa za 16. Nilihama kutoka tairi za 205/70 kwenda 215/60, ambazo kimo chake kinakaribia kulingana, jambo muhimu kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. La spea likabaki la inchi 15.

Mwezi uliopita tairi la mbele lilipata pancha karibu na Segera. La spea haliingii mbele, kwa hiyo nikapiga jeki nyuma kwanza, nikafungua tairi zima ili nilihamishie mbele na kuweka la spea mahali pake. Kijana wa bodaboda alisimama akanitazama kwa huruma.

"Mama, shikamoo. Lenye pancha ni lile la mbele."