Aulizapo Mgonjwa Juu ya Kovu Lake

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Burundi mwaka 1993, na baadaye kazi ya kulinda amani nchini Somalia, ambako askari wa Burundi walianza kupelekwa mwezi Desemba 2007, viliacha alama katika nyuso na miili ya wengi. Yuko aliyeungua shingo hata kidevu kikavutwa kifuani. Yuko ambaye jeraha dogo la shavuni limeota likawa uvimbe. Watu hao wafikapo kwenye kliniki ya Bujumbura kuulizia upasuaji wa kurekebisha, jibu la kwanza wapewalo dirishani ndilo liamualo kama watarudi, au watatokomea kwa waganga wa vichochoroni.

Upasuaji huu si anasa ya wacheza sinema. Ulikulia katika hospitali za askari. Huko Sidcup, Uingereza, kuanzia mwaka 1917, Daktari Harold Gillies alitengeneza nyuso za maelfu ya wanajeshi waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Jamaa yake, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Na huyo huyo McIndoe, pamoja na Michael Wood na Thomas Rees, wote wapasuaji wa fani hiyo, ndio walioanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege ya Afrika ya Mashariki, ambayo leo yajulikana kwa jina la Amref. Kwa hiyo askari aulizaye juu ya kovu lake hana sababu ya kuona haya, wala karani hana ruhusa ya kucheka.

Basi, ajibiwe vipi? Asiulizwe shida yake mbele ya foleni. Habari za mwili wake ni siri kati yake na daktari. Hata mkubwa wake wa kazi apigapo simu, apewe tu kile ambacho mgonjwa mwenyewe amekubali kitolewe. Wala ahadi zisitangulie uchunguzi. Anayesema kwa simu kwamba kovu litafutika kabisa anadanganya, kwani upasuaji huondoa kovu moja kwa kuweka jingine, jembamba zaidi au lililofichika zaidi.

Mara nyingi jibu la haki ni kusubiri. Kovu huchukua karibu mwaka mzima kukomaa, na katika muda huo laweza kulainika lenyewe. Mgonjwa asipoelezwa sababu hii hudhani amefukuzwa. Lakini yako yasiyosubiri. Kope lisilofunga hukausha jicho na laweza kulipofusha, na huyu yampasa kumwona daktari siku ile ile. Kovu lililoota, ambalo madaktari huliita keloidi, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Likikatwa tu, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko la kwanza. Ndiyo maana upasuaji wake huambatanishwa na tiba nyingine, kama sindano za dawa za jamii ya kotizoni.

Kliniki nayo ina maswali yake. Mvutaji tumbaku hutakiwa aache majuma kadhaa kabla ya kupasuliwa, kwani moshi huzuia damu kuufikia mshono. Swali gumu zaidi ni la mafuta ya kujichubua. Ngozi iliyopakwa dawa hizo kwa miaka huwa nyembamba, nyuzi za mshono huikata, na kidonda huchelewa kufunga. Wengi huficha, wanaume kwa wanawake, kwa sababu muuguzi aulizapo huanza kukaripia. Na aliyekaripiwa hasemi kweli.

Wapo pia wazazi wa mtoto aliyezaliwa na mdomo wa sungura, ambao huambiwa na majirani kuwa ni laana. Mdomo huo kwa kawaida hushonwa kuanzia umri wa miezi mitatu hivi, uzito ukiruhusu. Kwa hiyo mama asirudishwe nyumbani na tarehe peke yake: aonyeshwe siku hiyo hiyo jinsi ya kumlisha mtoto akiwa ameinuliwa kichwa, maziwa kidogo kidogo, ili uzito huo upatikane.