Maji Yanapoharibu Nyumba ya Kupanga: Nani Hubeba Gharama Nchini Kenya

Ugomvi juu ya uharibifu wa maji katika nyumba za kupanga nchini Kenya hurefuka kwa sababu kila upande huanza na swali lisilofaa: mwenye nyumba huuliza ni nani anayeishi humo, na mpangaji huuliza ni nani mwenye jengo. Sheria hujali zaidi maji yalianzia wapi, ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya mahali yalipoanzia, na tangu lini mtu huyo alijua, au alipaswa kujua, kwamba pana kasoro.

Msingi wa jambo hili umo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ambayo kifungu chake cha 65 kinataja ahadi ambazo mpangishaji huhesabiwa kuwa amempa mpangaji katika kila upangaji, ziwe zimeandikwa mkatabani au hazikuandikwa. Hilo lina uzito mkubwa kwa wakazi wa mijini, kwa kuwa wengi wao hukaa kwa makubaliano ya mdomo, wakilipa kodi mwezi kwa mwezi, na hudhani kwamba asiye na karatasi hana haki. Ilhali sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 58, inautambua upangaji wa muda mfupi, yaani ule usiozidi miaka 2 au unaojirudia kwa vipindi visivyozidi mwaka 1, hata kama ulifanywa kwa mdomo tu. Miongoni mwa ahadi hizo, iliyo karibu zaidi na maji ni ile inayohusu jengo lililogawanywa: mtu anapopanga sehemu tu ya jengo, kama vile nyumba moja ndani ya ghorofa, mpangishaji ndiye anayewajibika kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu, pamoja na sehemu na mitambo inayotumiwa na wakazi wote. Kwa hiyo tangi la juu ya paa ambalo boya lake limekwama hata maji yakamwagika usiku kucha, bomba kuu linalopanda kutoka ghorofa hadi ghorofa, na mfereji wa paa ulioziba kwa majani ni mzigo wa mwenye nyumba, wala mpangaji hapaswi kutozwa kwa sababu tu maji yametokeza kwenye dari yake. Aliyepanga nyumba nzima iliyosimama peke yake yuko katika hali tofauti kidogo, kwa maana ahadi hiyo ya paa na kuta haimhusu moja kwa moja, na ni vyema kwake suala la matengenezo likaandikwa wazi tangu mwanzo.

Hata hivyo, wapangaji wote wa nyumba za kuishi wanalindwa na ahadi nyingine, kwamba nyumba, fleti au chumba kitafaa kukaliwa na binadamu siku upangaji unapoanza na kitaendelea kufaa muda wote wa upangaji. Hapa ndipo penye mabishano magumu zaidi, yaani unyevunyevu unaoharibu polepole, kwa kuwa chanzo chake hakionekani na kila mmoja humtupia mwenzake lawama. Dalili zenyewe husaidia kuamua. Maji yanayopanda kutoka ardhini kupitia vinyweleo vya mawe au matofali, pale msingi ulipojengwa bila tabaka la kuzuia unyevu, huacha chumvi nyeupe na rangi inayobambuka sehemu ya chini ya ukuta, na kwa kawaida hayapandi mbali sana kutoka sakafuni. Nyumba kongwe za mawe ya matumbawe kule Mombasa na Lamu huyajua sana mateso haya. Maji ya paa linalovuja hufanya madoa ya kahawia darini, ambayo hupanuka baada ya kila mvua. Mvuke wa kupika na kuoga, unaogeuka matone unapogusa ukuta baridi, huzaa kuvu nyeusi kwenye pembe za chumba na nyuma ya makabati. Aina mbili za kwanza ni kasoro za jengo, na kumwambia mpangaji apake rangi upya ni kuficha kidonda bila kukitibu. Aina ya tatu huweza kutokana na mpangaji asiyefungua madirisha, lakini chumba ambacho dirisha lake halifunguki, au hakina dirisha kabisa, kinarudisha lawama kwa aliyekijenga.

Upande wa mpangaji, kifungu cha 66 kinamtaka atunze jengo katika hali nzuri ya kuridhisha, na amalizapo muda wake alirudishe kama alivyolipokea, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida wa matumizi na kwa madhara ya moto, mafuriko au ajali ambayo haikutokana na uzembe wake, wa wageni wake au wa watu aliowaajiri. Uzembe maana yake ni kukosa uangalifu ambao mtu mwenye busara angeuonyesha katika hali ileile. Mahali ambapo maji hutolewa kwa mgao, kama Nairobi, mfano wake wa wazi ni bomba lililofunguliwa wakati maji yamekatika kisha likasahauliwa wazi, hata yanaporejea nyumba ikiwa haina mtu, sinki lililojaa vyombo hufurika na maji kushuka kwa jirani wa chini. Mpangaji huyo atawajibika kwa mwenye nyumba kwa sakafu na dari, na kwa jirani kwa godoro na televisheni, hata kama hakuna mkataba wowote kati yake na jirani huyo.

Lakini bila uzembe, kumiliki au kutumia bomba hakutoshi kumfanya mtu mdaiwa. Mwaka 1868, katika kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher iliyohusu bwawa ambalo maji yake yalipenya na kuingia mgodini, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilithibitisha kwamba anayelimbikiza kitu cha hatari kwenye ardhi yake hulipia madhara kikitoroka, hata kama hakuzembea. Kanuni hiyo imekuwa ikitumiwa pia na mahakama za Kenya. Ila mwaka 1913, katika kesi ya Rickards dhidi ya Lothian kutoka Australia, ambapo mtu asiyejulikana aliziba beseni la ghorofa ya juu kwa makusudi na kufungua bomba hadi bidhaa za mpangaji wa chini zikalowa, iliamuliwa kwamba maji ya matumizi ya nyumbani ni jambo la kawaida la maisha wala hayaingii katika kanuni hiyo kali. Uamuzi huo ni wa haki, kwa sababu kinyume chake kila mkazi wa ghorofa angekuwa mdhamini wa majirani wake wote.

Linaloamua kesi nyingi ni taarifa. Mwenye nyumba hawezi kulaumiwa kirahisi kwa bomba linalovuja ndani ya kabati la mpangaji ikiwa hakuambiwa, na mpangaji aliyeona doa likipanuka miezi mitatu akanyamaza amechangia hasara yake mwenyewe. Kwa kawaida, kumwambia msimamizi wa jengo, ambaye wengi humwita keateka, huhesabiwa kuwa ni kumwambia mwenye nyumba, kwa kuwa amewekwa pale kupokea malalamiko kwa niaba yake. Lakini maneno ya ngazini hukanwa baadaye, na ujumbe wa simu wenye tarehe na picha haukanwi kwa urahisi.

Madhara yakizidi hata nyumba isikalike, kama ilivyokuwa kwa familia nyingi katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024, kifungu cha 65 kinasimamisha kodi, yote au sehemu inayolingana na uharibifu, hadi nyumba irejee kufaa. Na isiporejea ndani ya miezi 6, mpangaji anaweza kuuvunja upangaji kwa notisi ya maandishi ya mwezi 1. Haki hii itumiwe kwa tahadhari, kwa sababu kodi isiyolipwa kwa mwezi 1 humpa mwenye nyumba msingi wa kutoa notisi ya kuvunja mkataba, hivyo anayepunguza kodi kwa uamuzi wake mwenyewe, bila makubaliano ya maandishi, hujiweka hatarini.

Mali iliyoharibika inaweza kudaiwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ambapo mdai anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Ila mahakama hiyo haina mamlaka juu ya mizozo ya umiliki au ukaaji wa ardhi, kwa hiyo mpangaji anayedai fidia ya samani na wakati huohuo anapinga kufukuzwa atalazimika kulipeleka dai hili la pili mahali pengine.